Zamu ya Kelele

Darasa la Sita B lilikuwa na watoto themanini na watano, madawati ishirini na moja, na walimu wa hesabu sifuri. Aliyekuwapo alistaafu mwezi wa pili, akaagwa kwa soda na saa ya ukutani, na mwingine akaahidiwa kuletwa karibuni, neno ambalo maofisini maana yake ni usisubiri umesimama. Basi kila siku, kati ya kengele ya pili na ya tatu, Sita B ilikaa peke yake dakika arobaini. Na mtu akikwambia watoto themanini na watano wanaweza kuachwa dakika arobaini wakatulia, muulize kwanza kama amewahi kulea hata mmoja.

Aliyebebeshwa mzigo wa kuwatuliza alikuwa mwalimu mkuu msaidizi, mwalimu wa lugha na wa nidhamu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba na ulimi usiofungwa na chochote. Watoto walimwita Mama Kimya. Hawakumwita hivyo mbele yake, lakini alijua, kama kila mwalimu anavyolijua jina lake la uani. Wala halikumuudhi. Mwenzake wa darasa la tano aliitwa Pua, kwa hiyo yeye alijiona amepona.

Zamani Mama Kimya alikuwa mtu wa fimbo kama wengine. Aliacha kwa siku moja. Msichana mmoja alivuta mkono nyuma wakati fimbo inashuka, ikamkuta kwenye kidole cha mwisho. Kidole kilipona, lakini kilipona kimepinda. Msichana akakua, akafungua kibanda cha madaftari mkabala na lango la shule, na mpaka leo Mama Kimya akienda kununua chaki za rangi anapokea kutoka mkono ule ule, kidole kimejikunja pembeni kama cha mtu anayekunywa chai kwa adabu iliyozidi. Yule dada humchangamkia, humwita mwalimu wangu, humwongezea chaki moja ya bure. Hilo ndilo linalomuuma. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Kwa hiyo waraka wa kukataza viboko ulipofika, walimu wote walinuna isipokuwa yeye. Mwalimu mkuu hakuitupa fimbo yake. Aliilaza juu ya kabati ofisini, akasema inapumzika. Alikuwa bwana mnene, mpole, mwenye imani moja tu kubwa, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Mama Kimya alimjibu kuwa samaki hukunjwa, hapigwi, na kwamba yeye atamwonyesha jinsi ya kukunja.

Njia yake ilikuwa daftari. Kila darasa lina kiranja, na mwalimu asipokuwapo kiranja huandika majina ya wapiga kelele. Hilo ni la tangu enzi. Mama Kimya alilitia makali. Karatasi ilifika mezani kwake kila siku, majina yakaingia kwenye daftari jeusi, na kila aliyeandikwa alipewa kikaratasi cha kupeleka nyumbani kikatiwe sahihi. Mtoto akifikisha mara kumi katika muhula mmoja, anaitwa pamoja na mzazi wake mbele ya kamati ya shule, na kamati inaweza kumwondoa.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Siku ya kwanza kiranja wa Sita B, msichana mrefu mwenye sare iliyonyooshwa mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate, alileta majina arobaini na moja. Mama Kimya alimtazama juu ya miwani.

"Mwanangu, hii ni orodha ya wapiga kelele au ni mahudhurio?"

Ofisi nzima ya walimu ilicheka. Siku ya pili kiranja alileta karatasi tupu. Mama Kimya aliigeuza nyuma na mbele, akaimulika dirishani kama anayekagua noti bandia, akamwambia kwamba kwake orodha haiji tupu, na siku nyingine akikosa wa kumwandika ajiandike yeye mwenyewe. Ofisi ikacheka tena. Kiranja hakucheka.

Siku ya tatu yalikuja majina manne. Siku ya nne, manne. Tangu hapo yakawa manne kila siku, kama dozi.

Pua, ambaye darasa lake lilipakana na Sita B kwa ukuta mmoja mwembamba, alilalamika kwamba kelele ni zile zile na yeye sasa anafundisha kwa ishara. Mama Kimya alimwambia akazibue masikio, maana takwimu zinasema vingine. Yeye mwenyewe saa hizo alikuwa na kipindi upande wa pili wa uwanja, ambako ya Sita B hayafiki. Alichora jedwali kwa kalamu mbili, nyekundu ikishuka kutoka arobaini na moja hadi nne, akalibandika ukutani. Afisa elimu alipopita kukagua, alisimama mbele ya jedwali hilo muda mrefu kuliko aliosimama chooni kukagua vyoo. Akalipiga picha. Akasema Ijumaa ya kikao cha kamati atakuja mwenyewe, kwa kuwa anataka kulipeleka daftari jeusi katika shule zote za eneo lake, na mojawapo ya shule hizo haina mwalimu mkuu. Alisema hilo la mwisho akimtazama Mama Kimya machoni, na Mama Kimya akajikuta anaweka miwani sawa ingawa haikuwa imepinda.

Lilibaki jambo moja. Katika daftari hilo lilikuwamo jina moja lililorudi mara ishirini na tatu kabla kamati haijakaa. Msichana mgeni, aliyehamia mwezi wa kwanza. Walimu walishampa jina, Redio, na wengi wao hawakuwa hata wameiona sura yake. Mwalimu mkuu alifurahi kupata kesi. Alisema daftari lisilong'ata ni paka wa kuchora, na itakuwa vizuri afisa ajionee likimng'ata mtu. Redio angeondolewa Ijumaa. Shule nyingine iliyo karibu ni mwendo wa saa nzima na nusu kwa miguu, lakini miguu, alisema mwalimu mkuu, ni yake.

Jumatano alikuja bibi yake Redio. Alikuwa mfua nguo wa nyumba za watu, viganja vimeliwa na sabuni mpaka vimekuwa vyeupe kwenye mistari, lakini siku hiyo alivaa nguo yake ya kutokea na viatu vilivyokuwa vikimbana waziwazi. Aliingia akitabasamu. Mama Kimya alishazoea wazazi wanaoingia na aibu, wanaoingia na hasira, na mmoja aliyeingia na mkanda tayari mkononi. Wa kutabasamu hakuwahi kumpata.

Bibi alisema amekuja kuitika wito, lakini kwanza anataka kushukuru. Alitaka kuja siku nyingi, ila nguo za watu hazina Jumapili. Si kila mwalimu angejisumbua kumwandikia mzazi kila siku ya pili. Yeye kusoma hajui, anaweka dole gumba, na mjukuu ndiye anayemsomea.

"Anakusomea nini, mama?"

"Kwamba leo ameshiriki vizuri darasani." Bibi alisogeza kiti karibu, akashusha sauti kama mtu wa siri. "Na hii ya Ijumaa, mwanangu, nijiandae kusema neno? Au nikipokea tu zawadi nikakaa, itatosha?"

Mama Kimya alichezea kalamu, akauliza kwa njia ya mbali kama mtoto ni msemaji nyumbani, kama anapiga makelele. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Alieleza kuwa mama yake mtoto alisafiri kutafuta kazi, huu mwaka wa pili, anapiga simu mara mojamoja, na tangu aondoke mtoto amekuwa wa ndiyo na hapana.

"Nyumbani namuomba aseme, mwalimu. Hata anidanganye, mradi aseme. Sasa juzi nikasikia kwa mtoto wa jirani kwamba huku mnamwita Redio. Nililala usingizi siku hiyo."

Mama Kimya hakumwambia. Alimwambia Ijumaa ni saa nne, akamsindikiza mpaka langoni, na akasimama pale akiangalia mama wa watu anavyotembea kwa viatu vya kubana kama anayekwenda harusini. Kutoka kibandani yule dada wa madaftari alimpungia mkono. Mama Kimya alijitia hajaona.

Alhamisi, kengele ya pili ilipolia, aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika barua, akavuka uwanja. Hakuingia Sita B. Alisimama nje, kando ya bomba, chini ya dirisha lililovunjika kioo, akajibanza ukutani kama mtu anayemvizia mumewe.

Ndani kulikuwa kimya. Kwa muda mfupi roho yake ilitulia. Kisha akasikia sauti ya kiranja, kavu, ya kusoma, sauti ile ile anayotumia kutangaza zamu ya kufagia.

"Leo dawati la kumi na tano."

Mvulana mmoja alisema yeye hapana, wiki iliyopita aliandikwa badala ya mtu wa dawati la tisa, walikubaliana, na kiranja ameandika nyuma ya daftari lake. Kiranja alifunua, akathibitisha. Kweli, huyo alishalipa. Mwingine, mwenye sauti ya kujaa mafuta, aliomba asamehewe kwa sababu baba yake amekipata kile kikaratasi cha mwanzo na bado hajakaa vizuri mpaka leo. Darasa lilicheka. Mmoja aliuliza ni baba ambaye hajakaa vizuri au ni yeye. Mwenye sauti ya mafuta akasema cheka tu, zamu yako inakuja. Ndipo kiranja akauliza nani anachukua zamu mbili hizo, na darasa zima, bila hata kufikiri, likasema, "Redio."

Mama Kimya alinyanyua kichwa taratibu mpaka jicho moja likaona ndani. Karibu na mlango alisimama msichana mdogo kuliko umri wake, daftari amelikumbatia kifuani. Aliinua kidole. Watoto wa dawati la kumi na tano wakasogeana, wanne wakajifanya wembamba, na yule msichana akaja akaketi ukingoni, nusu ya kalio ndani, nusu hewani, akafungua daftari.

Hapo ndipo hesabu ilipomwingia Mama Kimya, yeye aliyeikimbia hesabu tangu shule. Madawati ishirini na moja, kila moja watoto wanne. Themanini na nne. Darasa lina themanini na tano.

Kiranja aliandika majina manne, Redio akiwa mara mbili katika mistari miwili tofauti, akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Haya," alisema. "Orodha imeshajaa."

Na Sita B ikalipuka. Madawati yalipigwa kama ngoma, mmoja akapanda juu ya kiti kumwigiza mwalimu mkuu anavyotembea, wawili wakaanza kukimbizana, na nyuma wakaimba wimbo ambao maneno yake Mama Kimya hakuyategemea kwa watoto wa umri ule. Hawakuwa na wasiwasi wowote. Wasiwasi wa nini? Kelele yao ilikuwa imeshapata wenyewe. Katikati ya vurugu hiyo mtu mmoja tu alikuwa kimya, ameinama, ananakili maswali ya hesabu kutoka kitabu kilichochanika jalada, na huyo ndiye aliyekuwa Redio.

Wakati wa mapumziko alimwita kiranja ofisini na kufunga mlango. Alitegemea machozi. Kiranja alisimama wima, mikono nyuma, akaeleza kama anayejibu swali la mtihani. Mwalimu alisema majina mengi ni mahudhurio. Mwalimu alisema orodha haiji tupu, na ikija tupu ajiandike. Basi aliuliza darasa, wakakubaliana dawati moja kwa siku, ili kila mtu aandikwe mara mbili au tatu kwa muhula na asiwepo wa kufika kumi. Aliandika kila kitu, waliobadilishana na waliolipiwa. Hakupendelea mtu.

"Ilikuwa haki, mwalimu," alisema.

"Na Redio?"

"Alitaka mwenyewe. Akichukua zamu ya mtu, anakaa dawatini kwake siku hiyo. Asipochukua anasimama." Alifikiri kidogo. "Mimi nilimwambia atafika kumi. Akasema kusimama kunachosha."

Mama Kimya aliuliza kwa nini hakuja kumwambia. Kiranja aliangalia viatu vyake kwa mara ya kwanza.

"Mlikuwa mnacheka," alisema.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, lakini walisahau kuongeza kwamba unavunja wa wenzako. Mama Kimya alibaki ameketi na ile mizaha yake miwili, ya mahudhurio na ya noti bandia. Alikuwa ameisimulia hata nyumbani, na mumewe aliicheka. Mizaha mizuri. Juu yake watoto themanini na wanne walikuwa wamejenga serikali, yenye daftari na mapatano, na wakampata na wa kulipa kodi.

Jioni, kabla ya kufunga ofisi, alimweleza mwalimu mkuu yote. Mwalimu mkuu alisikiliza akipangua na kupanga mihuri yake mezani. Hakukasirika, ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole kwamba jambo hilo ni zito na anamheshimu kwa kumwambia, na sasa amelisikia, liishie hapo. Kesho afisa anakuja. Akiambiwa daftari jeusi lilikuwa mchezo wa watoto, atasema nini? Atasema upole umejaribiwa na umeshindwa. Wazazi watasema hivyo hivyo, walimu ndio usiseme. Mwalimu mkuu hakuangalia juu ya kabati. Hakuwa na haja. Mama Kimya aliangalia mwenyewe.

"Huyo binti hatumuui," alisema mwalimu mkuu. "Anahamia shule nyingine. Mmoja, mwalimu. Weka na themanini na wanne upande wa pili, halafu niambie wewe."

Ilikuwa mara ya pili siku hiyo kuwekewa hesabu mbele yake, na safari hii hakuipata.

Nyumbani mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alimkuta amekaa uani na chai imepoa. Alimtania kwamba leo nyumba ina kimya, sijui nani ameandikwa. Alipoona hata tabasamu halikuja, alivuta kigoda. Mama Kimya alimweleza kwa ufupi. Akisema ukweli, fimbo inashuka kabatini, na ule mkono wa dada wa kibandani utapata wenzake. Akinyamaza, mtoto mmoja anaondoka, na yeye anakuwa mwalimu mkuu. Mumewe alikuna kidevu. Alisema barabarani aliwahi kufungiwa breki zilizotengenezwa vibaya, na kosa la fundi si kutengeneza vibaya, fundi yeyote hukosea. Kosa ni kuona gari linaondoka na kunyamaza. Kisha akamwambia chai hiyo aimwage, amletee nyingine. Mama Kimya aliona hilo la breki si jibu la swali lake, kwa sababu halikusema lolote kuhusu fimbo. Lakini usingizi haukuja, na kila alipofumba macho aliona nusu ya kalio hewani.

Ijumaa saa nne ofisi ya mwalimu mkuu ilijaa. Mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikalia kiti chenye mikono. Afisa elimu alikuwa na kalamu wazi. Bibi alikuwa na nguo ile ile na viatu vile vile, na kando yake Redio, amevaa soksi mpya nyeupe. Mtu alikuwa amezinunua kwa ajili ya siku hii.

Mwalimu mkuu alifungua kikao, akamsifu msaidizi wake, akamkaribisha asome kesi. Mama Kimya alisimama na daftari jeusi. Alilifungua. Akaona ukurasa umejaa manne, manne, manne, kwa mwandiko wake mzuri wa mwalimu wa lugha.

Hakusoma. Alisema jedwali lile lililo ukutani halionyeshi kelele, linaonyesha madawati, na akaeleza. Alianza na kipindi kisicho na mwalimu, akafuata na majina arobaini na moja, karatasi tupu, zamu, kubadilishana, mpaka mtoto wa themanini na tano asiye na pa kukaa. Mizaha yake miwili aliirudia neno kwa neno, na safari hii hakucheka mtu. Afisa alikuwa ameacha kuandika. Aliuliza kwa sauti ya kuchoka ni nani hasa aliyewafundisha watoto hawa udanganyifu wa namna hii.

"Mimi," alisema Mama Kimya. "Walinipa nilichokiomba."

Bibi, aliyekuwa akimfuata kila msemaji kwa macho, alimgeukia mjukuu wake.

"Zile karatasi zilisema nini?"

Msichana aliangalia soksi zake. Ilibidi watu waache hata kupumua ili wamsikie.

"Kwamba napiga kelele, bibi."

"Wewe?"

Bibi alianza kucheka. Alicheka peke yake, kicheko kile kile cha kushika ubavu, katika chumba ambamo hakuna aliyejua aangalie wapi; kisha kicheko kikageuka katikati ya njia, na akajifunika uso kwa viganja vyake vyeupe. Redio aliweka mkono begani kwake, kama mtu mzima.

Kamati haikuchelewa. Mtoto abaki. Daftari jeusi lisitishwe. Mwenyekiti alifunga kwa kusema kwamba kuanzia sasa kila mwalimu atumie hekima yake darasani, na aliposema hekima macho yake yalipanda taratibu mpaka juu ya kabati, yakatua hapo, yakapumzika. Afisa alitoa simu, akachezea kidogo, labda akifuta picha. Mlangoni alimwambia Mama Kimya kwamba kuhusu ile shule isiyo na mwalimu mkuu, atajulishwa karibuni.

Mama Kimya alimzuia mwalimu mkuu kabla hajafika kabatini. Alisema anakitaka kile kipindi, cha baada ya kengele ya pili, kila siku. Darasa lake la upande wa pili atalifundisha alasiri. Mwalimu mkuu alimkumbusha kwamba hicho ni kipindi cha hesabu na yeye ni mtu wa lugha. Alijibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwalimu mkuu alisema yeye haoni koleo jingine, lakini sawa, mpaka mwisho wa mwezi. Kukitulia, kumetulia. Kusipotulia, walimu wanasubiri hekima, na yeye hana nguvu za kuwazuia, na kwa kweli hana nia.

Jumatatu asubuhi alinunua kitabu cha hesabu kibandani. Kidole kilichopinda kilimpa kitabu na chaki moja ya bure. Alipopita ofisini aliona fimbo ingali juu ya kabati, lakini haina vumbi tena. Ilikuwa imepanguswa, ncha hadi ncha, kwa kitambaa chenye maji.

Sita B walisimama kumpokea, kisha wakakaa kwa ukimya wa watoto wanaosikiliza viatu. Kiranja alikuja mbele na karatasi iliyopigwa mistari minne, tayari ina namba. Mazoea. Mama Kimya alimwambia leo hakuna orodha, na kesho hakuna. Watoto walitazamana. Hawakufurahi. Walionekana kama watu walioamka wakakuta mlango wa nyumba umeondolewa.

Aliandika sehemu mbili ubaoni, moja ya tatu na moja ya nne, akazijumlisha, akapata mbili ya saba. Halafu mmoja akasema chini chini kwamba hapana, mwingine akasema ndiyo, mwenye sauti ya mafuta akasema hata yeye anajua hapana, na mnong'ono ukaanza kupanda kutoka nyuma kama maji yanayochemka. Ukutani Pua akagonga mara mbili. Dirishani, penye kioo kilichovunjika, kivuli kinene kilipita, kikapunguza mwendo.

Ndipo alipomwona. Redio alikuwa bado amesimama karibu na mlango, daftari kifuani, soksi nyeupe. Alisogea mpaka kwenye meza na kusema kwa ile sauti ya kuinamiwa.

"Mwalimu, kama hakuna zamu, mimi nitakaa wapi?"

Mama Kimya alitazama madawati ishirini na moja, na madawati ishirini na moja yakatazama ubao. Alingoja. Hakuna aliyejifanya mwembamba.

Akashika kiti chake mwenyewe, cha chuma, akakiburuta hadi kando ya dawati la kumi na tano. Miguu ya kiti ililia juu ya sakafu ya saruji mlio mrefu, mbaya, wa kupasua masikio, kelele kubwa kuliko zote za siku ile, na darasa zima likaangua kicheko. Redio alikaa. Alikaa na kalio zima. Nje kivuli kilikuwa kimesimama.

Mama Kimya alirudi ubaoni, akafuta mbili ya saba kwa kiganja, na hakusema nyamazeni.